Programu ya Matanga

Mume wangu akiulizwa na wageni kazi yangu ni gani, huwaambia kwamba nalipwa kukataa vitu vya watu. Wageni hucheka, nami humwacha aendelee, kwa sababu maelezo ya kweli ni marefu na chai hupoa.

Maelezo ya kweli ni haya. Upo mtandao mkubwa wa kijamii unaoruhusu watu wa nje kutengeneza programu zao ndogo na kuziunganisha nao: michezo, maswali ya kuchekesha, mafunzo ya Biblia, masoko ya kuku na mbegu. Kabla programu haijafunguliwa kwa umma, lazima mtu aijaribu aone kama inatimiza viwango. Kazi hiyo imepewa kampuni moja, nayo kampuni imewapa watu kama mimi, tunaokaa majumbani kwetu na kukagua zile zilizoandikwa kwa Kiswahili. Mimi nakaa Bungoma, upande wa Kibabii, nilikoolewa. Naifungua programu kama mtu yeyote angeifungua, nabonyeza kila kitu, nasoma kila neno, kisha naandika imepita au haijapita, na kwa nini.

Viwango vyenyewe ni vya kawaida tu. Programu iseme wazi inafanya nini. Isichukue kitu cha mtu kabla ya kumwomba. Isiandike kwenye ukurasa wake jambo ambalo hakulisema. Isiwasumbue marafiki zake. Ikikosea, kuwe na njia ya kurekebisha. Nimeona programu iliyodai itakuonyesha nani anakuchungulia, kumbe ilikuwa inachota majina yote yaliyo kwenye simu yako. Nimeona ya maombi ya asubuhi ambayo kila ulipoifungua iliwatumia watu wote unaowajua mwaliko kwa jina lako, hadi wakaanza kukuona umechanganyikiwa. Hizo nazikataa na kwenda zangu kuchemsha maharagwe.

Kwa ile ya mdogo wangu sikuweza kwenda zangu.

Mdogo wangu anaishi Kitale, kwenye shamba la wazazi wetu nje kidogo ya mji, na mjini ana duka la kutengeneza simu na kompyuta. Babu yetu alitoka Kenya ya kati akapata shamba hilo huku Trans-Nzoia, na tangu hapo jamaa wametapakaa. Wengine wako Ndalu, wengine Eldoret, wengine walibaki kule babu alikotoka. Baba alipofariki tulipiga simu mpaka masikio yakauma, na bado tulimsahau mtu mmoja, binamu ya baba ambaye walilala naye kitanda kimoja utotoni. Mzee huyo alisikia habari baada ya mazishi. Alifika Kitale viti vya kukodi vikiwa vimesharudishwa, akasimama kando ya kaburi akiwa ameshika kofia yake. Alipoondoka, mdogo wangu alisema, "Hii haiwezi tokea tena kwetu."

Akaanza kutengeneza programu. Ukoo unajiunga, na mmoja akifiwa anaandika jina la marehemu, anaweka picha, anabonyeza mara moja, na tangazo linatokea kwenye kurasa za jamaa wote kwa wakati mmoja, pamoja na siku ya mazishi na ramani ya kufika nyumbani. Kila mtu aliyeisikia alisema ni jambo zuri. Nami nilisema hivyo hivyo.

Siku moja akanipigia simu.

"Niaje, sista. Ile kitu yangu nimeituma huko kwenu. Sasa ipitishe tu haraka, watu wanaingoja."

"Nani alikwambia itafika kwangu?"

"Si ni wewe unaangalia za Kiswahili?"

"Tuko wengi. Na hata ikifika kwangu siwezi kuigusa. Wewe ni ndugu yangu."

"Ndiyo maana ipite, bana!"

Nilimwandikia msimamizi wangu, mwanamke wa Nairobi ambaye sijawahi kumwona ila kwenye skrini, nikamweleza kwamba programu hiyo ni ya ndugu yangu wa tumbo moja. Alinishukuru akampa mwenzangu mwingine. Nilidhani mambo yameisha. Kesho yake mama akapiga.

"Nasikia mtoto wangu amefanya kazi nzuri," alisema, "na mwenye ufunguo ni mtoto wangu mwingine."

"Mama, si mimi nitakayeikagua."

"Ni nani?"

"Mtu mwingine. Niliomba wampe mtu mwingine."

"Uliomba," akasema, kisha akaniuliza habari za watoto kwa sauti ile anayowaulizia majirani.

Mwenzangu aliikataa.

Mdogo wangu alinitumia picha ya jibu bila salamu. Nililisoma nikiwa nimesimama. Tangazo linaweza kutumwa kwa kidole cha mtu mmoja bila mwingine kuthibitisha. Linaandikwa kwenye kurasa za watu ambao hawakuulizwa. Likishatoka haliwezi kufutwa. Na programu inachukua majina yote ya simu bila kusema yanakwenda wapi. Nililisoma tena nikitafuta mahali ambapo mwenzangu amekosea, nikakosa. Mimi mwenyewe ningeandika hayo hayo, labda kwa ukali zaidi, na jambo hilo liliniuma.

Mdogo wangu alipopiga simu sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ati nasumbua watu. Ati haina heshima kwa watumiaji. Sista, hii nilifanya juu ya baba."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeipitisha."

Akakata. Baada ya hapo nikitaka habari zake nilizipata kwa mama, na mama alizitoa kwa kipimo. Anaendelea vizuri. Yuko dukani. Amelala. Nilivumilia hivyo kwa muda, kisha Jumamosi moja nikamwachia mume wangu watoto nikaenda Kitale.

Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni na barabara ya kuingia nyumbani ilikuwa tope tupu. Mdogo wangu alinisalimia kama mtu anayemsalimia mgeni wa kanisa. Mama alituweka jikoni, akamimina chai, akaketi kati yetu na sinia ya mchele aliokuwa akiuchambua, ishara kwamba hatatoka hapo. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kuhusu viwango na sababu zake. Nilipomwona mdogo wangu anatazama kikombe chake, maneno hayo yote yakanipotea, nikajikuta nauliza kitu kingine.

"Baba alipofariki, mimi nilikuwa Bungoma. Nani alimwambia mama?"

Aliinua macho. "Mimi."

"Ulimwambiaje? Sijawahi kukuuliza."

Alisema alitoka hospitalini asubuhi, akafika nyumbani akamkuta mama anakamua. Ng'ombe yule alikuwa mkali, mtu akimshtua anapiga teke, kwa hiyo alisimama nje ya boma mpaka mama akamaliza. Akampokea ndoo. Akaipeleka ndani, akaifunika. Akaenda kwa jirani, mama mmoja wanayesali naye pamoja, akamwomba aje aketi kwanza. Ndipo akasema.

"Hukusema," mama alidakia, mikono bado kwenye mchele. "Uliketi chini. Viti viko, na wewe ukaketi sakafuni. Nikajua kabla hujafungua mdomo."

Nje mvua ilianza kugonga mabati. Mdogo wangu alikuwa anaitazama simu ya mama iliyolala mezani. Mama ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuandikishwa kwenye programu yake.

"Ingemfikia yeye wa kwanza," alisema. "Akiwa bado anakamua."

"Na hiyo simu yangu vile inapiga kelele," mama akasema.

Akacheka yeye, tukacheka sisi, na mdogo wangu akafuta macho kwa mkono wa sweta. Mchana ule alileta kompyuta jikoni. Sikumwambia afanye nini, maana haikuwa mahali pangu. Yeye na mama ndio walioongea. Mama aliuliza maswali ya ajabu: kama mtu amekosana na jamaa zake je, kama mtu yuko barabarani anaendesha gari je, kama kuna watu wawili wenye jina moja je. Mdogo wangu alikuwa anaandika huku akisema "ngoja, ngoja."

Toleo la pili lilikuwa hivi. Tangazo likiandikwa haliendi popote mpaka ndugu wengine wawili wa karibu walithibitishe. Kabla ya kuthibitisha, programu inauliza swali moja: walio karibu wameambiwa ana kwa ana? Tangazo linawafikia tu wale waliokubali kulipokea, linaweza kufutwa, na majina ya simu hayachukuliwi tena. Aliituma tena, nami sikuuliza kitu. Baadaye akanipigia.

"Imepita," alisema.

"Hongera."

"Huyo mwenzako ni mkali, lakini sawa." Kisha akaongeza, "Mama anasema uje na watoto."

Nilikata simu nikatoka nje nikaanika nguo huku naimba, mpaka wanafunzi wa chuo waliopanga nyumba ya pili wakachungulia dirishani.

Jambo ninalotaka hasa kulieleza lilitokea mwaka uo huo.

Mjomba wetu, kaka mkubwa wa mama na ndugu pekee aliyebaki naye, ni mkulima wa Ndalu. Ni mtu mrefu, mbishi, asiyependa kuambiwa akae. Aliugua kifua vibaya sana, akaletwa hospitali huku Bungoma, na siku za mwanzo nilipompelekea uji sikudhani atarudi kwake kwa miguu. Aliyekuwa anamuuguza ni mke wa binamu yangu, msichana wa huku huku Bungoma, mwenye subira kuliko sisi wote. Binamu mwenyewe, mtoto wa mjomba, alibaki Ndalu na ng'ombe.

Asubuhi moja nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua kazi, simu ikalia. Ilikuwa programu ya mdogo wangu. *Tangazo la kifo linasubiri uthibitisho wako.* Chini yake jina la mjomba. Aliyeliandika ni binamu.

Vilikuwepo vitufe vitatu, cha kuthibitisha, cha kusema bado sijahakikisha, na cha kusema si kweli, na juu yake lile swali. Walio karibu wameambiwa ana kwa ana? Nikamwona mama mawazoni. Nilimpigia binamu, simu yake ilikuwa inatumika. Nilimpigia mkewe, simu imezimwa. Nikampigia mdogo wangu.

"Umeona?" aliniuliza kabla sijasema kitu. "Imekuja kwangu pia. Ni sisi wawili tunangojewa."

"Usibonyeze."

"Lakini ni binamu ameandika. Ni babake."

"Najua. Usibonyeze. Wacha nifike nione kwa macho yangu. Mama yuko wapi?"

"Ako kwa kuku. Hajui kitu."

"Basi kaa naye karibu. Usimwambie chochote."

Nilichukua bodaboda. Njiani nilikuwa nalia bila sauti, nikifikiria kwamba safari hii ni mimi nitakayempokea mama ndoo, maana ilikuwa zamu yangu. Nilimwona mke wa binamu kabla sijashuka. Alikuwa amesimama langoni mwa hospitali, leso imemlegea, mfuko wa dawa mkononi, machozi yanamtiririka.

"Dada!" alipiga kelele aliponiona. "Mzee ametutoka!"

Nilimkumbatia. Tulilia pale langoni, watu wakatupisha kwa heshima. Kisha akajitoa mikononi mwangu, akapangusa uso.

"Sasa tusisimame tu. Wewe pita huku upande wa soko, mimi niangalie huko nyuma."

"Niangalie nini?"

"Si mzee! Daktari amemruhusu aende nyumbani. Nikamwambia akae kwa kitanda nichukue dawa. Kurudi, ametutoka! Nimezunguka kira mahari." Akikasirika, l na r zake hubadilishana nafasi.

Nilimshika mabega. "Yuko hai?"

Alinitazama kama mimi ndiye ninayehitaji kulazwa. "Ati hai? Amekula uji bakuli mbili, na akalalamika hauna sukari."

Niliketi pale pale kwenye ukingo wa mtaro, na sketi yangu safi, nikacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama niko sawa. Mke wa binamu hakuelewa chochote. Alikuwa amempigia mumewe kumwambia kwamba mzee amewatoka, hajulikani alipo, na kabla hajamaliza sentensi simu ikaishiwa chaji. Kule Ndalu binamu alisikia maneno mawili tu, *mzee ametutoka*, halafu kimya. Mtu ambaye siku hizo zote alikuwa anaogopa kusikia maneno hayo hakuwa na sababu ya kuyaelewa vingine.

Mjomba tulimpata ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chai. Alikuwa ameketi na mzee mmoja wa Malakisi aliyekuwa amelazwa kitanda cha jirani, mkulima wa tumbaku aliyeruhusiwa asubuhi hiyo hiyo, na walikuwa wanabishana ni zao gani linalochosha udongo zaidi, tumbaku au mahindi. Plasta ya sindano ilikuwa bado mkononi mwake. Mbele yake palikuwa na chapati ya pili.

"Nyinyi mnalilia nini?" alituuliza.

"Mjomba," nilisema, "umetangazwa."

"Nimetangazwa wapi?"

"Umekufa. Mwanao ameandika."

Mzee wa Malakisi aliacha kutafuna. Mjomba alitazama chapati, akatutazama sisi, akamtazama mkwewe aliyekuwa ameanza kuelewa na kujifunika uso kwa leso. Kisha alicheka, akakohoa, akacheka tena, akapiga meza. "Leta hiyo simu," alisema, "niongee na huyo mtoto wangu."

Kabla sijampa nilibonyeza *Si kweli*. Tangazo likafutika. Halikuwa limefika kwenye ukurasa wa mtu yeyote. Si Eldoret, si kwa wale wazee wa kule babu alikotoka, ambao wangepanda gari usiku kucha kuja kumzika mtu anayekula chapati. Si kwa mama. Nikampigia mdogo wangu kwanza.

"Anakunywa chai," nilimwambia.

"Nani?"

"Mjomba. Yuko hapa mbele yangu, anakunywa chai."

Nilisikia kama mtu aliyeegemea ukuta, na kwa mbali sauti ya mama akiuliza ana nini.

"Hakuna kitu, mama," alisema. "Ni habari nzuri ya kazi." Halafu akarudi kwangu, polepole. "Sista, ile ya kwanza ingekuwa imeshaenda."

"Haikwenda."

"Ningekuwa nimemuua mama."

"Haikwenda," nilimrudia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikavuta pumzi mpaka chini.

Binamu alipopigiwa na babake aliidondosha simu, tukasikia kuku wakikimbia na yeye akimwita Mungu. Shida ilikuwa kwamba majirani zake wa Ndalu hawahitaji programu. Alipopata habari alitoka nje akilia, wakamwona. Kwa hiyo tulipompeleka mjomba nyumbani adhuhuri ile kwa gari la jirani yangu, tulikuta uani kuna watu tayari, kuni zimeletwa, sufuria kubwa za kanisa ziko motoni, na wazee wawili wanapima kwa macho mahali pa kuweka hema. Gari liliposimama wote waligeuka. Mjomba alifungua mlango mwenyewe, akakataa mkono wangu, akashuka polepole.

Mwanamke mmoja alipiga kelele. Mwingine akaanza wimbo wa shukrani, sauti ikimpasuka, na wengine wakaudaka. Binamu alikuja mbio akamshika babake miguu kama mtoto. Mdogo wangu na mama waliwasili kutoka Kitale baada ya kitambo. Mama alikuwa ameambiwa tu kwamba kaka yake ametoka hospitalini, na hakuelewa kwa nini ua mzima unalia na kucheka. Mjomba alimweleza mwenyewe, akiongeza chumvi kila mahali. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akampiga kofi dogo begani, kisha akamshika mkono na hakuuachia tena.

Mdogo wangu alisimama karibu nami. Alikuwa na harufu ya solda, ile anayochomelea simu dukani kwake, na bega lake liligusa langu likabaki pale.

Mchungaji aliombwa abadilishe sala aliyokuwa ameiandaa. Mtu aliuliza kama wazime moto. Mjomba, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye kiti kilicholetwa kwa ajili ya wafiwa, aliangalia sufuria zinazofuka moshi.

"Mzime kwa nini?" alisema. "Pakueni, watu wale. Na mimi mniletee nyama isiyo na mfupa, meno bado hayana nguvu."

Tukaosha mikono, tukapakua.